Asisainishwe kitandani

Siku ya tatu baada ya ajali ndiyo siku ya hatari kwa haki ya majeruhi. Siku ya kwanza ndugu wanahangaika na damu na gari la kumfikisha hospitali. Siku ya pili wanahangaika na dawa, picha ya mfupa na pesa ya upasuaji. Siku ya tatu mwenye gari anaingia wodini akiwa na mjomba wake, au mzee wa kanisa. Anavuta kiti, anatoa pole, kisha anatoa karatasi. "Papa, ile ilikuwa bahati mbaya. Tusikilizane tu, mambo ya polisi yatatuchosha wote." Karatasi inasema kwamba majeruhi amepokea dola kadhaa za matibabu na hatadai tena kitu chochote, popote. Dada yake anamsomea kwa sauti, kwa kuwa mkono wa kuume wa mgonjwa umefungwa plasta hadi begani. Mgonjwa anatia dole gumba la kushoto.

Watu wa Lubumbashi wanaijua karatasi hiyo, kuanzia Katuba hadi Ruashi, kuanzia Kampemba hadi vijiji vya komini ya Annexe. Wanaiona kama ustaarabu. Ukweli ni kwamba karatasi ile, ikitiwa saini kabla daktari hajajua kama mguu utaunga au utakatwa, ni njia rahisi ya kumhamishia aliyegongwa gharama zote za ajali. Polisi, parke (ofisi ya mashtaka) na mahakama wanapaswa kuacha kuitambua kama mwisho wa madai. Sheria za Kongo zinatosha kabisa kulifanya hilo.

Barabara yenyewe inaeleza kwa nini jambo hili ni zito hapa kuliko miji mingi. Barabara ya Taifa namba 1 inaingia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inapita Lubumbashi na kuendelea hadi Likasi na Kolwezi. Kwenye lami hiyo shaba na kobalti hushuka kwenda bandari za Dar es Salaam, Beira na Durban. Mafuta, saruji, unga wa mahindi, salfa na asidi za migodi hupanda. Lami hiyohiyo ndiyo ya manseba aliyempakia mama na watoto wawili kwenye pikipiki, ndiyo ya taksibasi, ndiyo ya mwanafunzi anayetembea ukingoni kwa kuwa hakuna njia ya waenda kwa miguu. Magari mengi madogo ya Katanga yana usukani wa kulia: yamenunuliwa Japani na kushushwa Dar es Salaam, wakati Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori, hulazimika kulitoa karibu gari zima nje ya mstari ndipo aone kilicho mbele yake. Mara nyingine anaona akiwa amechelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na wengine kati ya milioni 20 na 50 hujeruhiwa bila kufa. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Magazeti huandika waliokufa. Waliobaki na paja lililounga vibaya au uti wa mgongo uliovunjika hawarudi tena kwenye habari, na hao ndio wenye kudai.

Wanadai kwa msingi gani? Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo kimesimama juu ya amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni ya zamani kuliko Lubumbashi yenyewe, iliyoanzishwa 1910. Kifungu chake cha 258 kinasema wazi kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutojali. Cha 260 ndicho ambacho wenye magari wangependa kisisomwe: bosi anawajibika kwa hasara iliyoletwa na mtu aliyempa kazi, wakati akiifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo mchezo wa versement unapoingia. Mwenye taksibasi humkabidhi kijana gari asubuhi, na jioni kijana huleta kiasi walichokubaliana. Kinachozidi ni chake. Siku ya ajali mwenye gari anasema, "Huyu si mfanyakazi wangu, alikodi tu." Kijana hana kitu. Lakini gari lina namba, namba ina jina, na jina hilo ndilo lililokuwa likipokea versement kila jioni. Avoka, yaani wakili, anayejua kazi yake haanzi na dereva. Anaanza na kadi ya gari, kisha anamtafuta aliye nyuma ya mwenye gari, yaani kampuni ya bima.

Bima ya magari ni lazima nchini Kongo tangu amri-sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Lengo lake lilikuwa kumlinda mtu wa tatu, yule aliye nje ya mkataba: mpita njia, abiria, mwendesha baiskeli aliyebeba makaa. Sheria inampa mtu huyo haki ya kuidai kampuni ya bima moja kwa moja, ingawa yeye si mteja wake. Hata hivyo, kwa karibu nusu karne mtoa bima alikuwa mmoja tu, SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa 1966, na raia wengi wakazoea kuiona bima kama karatasi ya kumwonyesha polisi wa barabarani, wa roulage. Ukiwa nayo unapita. Wachache walijua kwamba nyuma ya karatasi hiyo kuna pesa za mtu aliyelala hospitali ya Sendwe.

Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo, mamlaka ya usimamizi wa bima, ARCA, ikaundwa, na kuanzia 2019 kampuni binafsi zikapewa leseni. Leo kioo cha mbele cha gari kinaweza kuwa na jina la SONAS, Rawsur, Activa, SFA au jingine. Mabadiliko haya ni mazuri, lakini yameleta kazi mpya. Zamani jibu lilikuwa moja. Sasa ni lazima mtu aliyekuwepo pale barabarani asome jina la kampuni na namba ya mkataba kabla gari halijaondolewa. Kupiga picha kioo hicho kwa simu, pamoja na namba ya gari, kuna thamani kubwa kuliko kelele zote za umati.

Halafu kuna PV, yaani maandishi rasmi ya polisi kuhusu ajali. Polisi akifika, huchora mchoro wa mahali, hupima alama za breki na kuandika majina ya mashahidi. Maandishi hayo ndiyo yatakayosomwa na parke, na jaji, na mtu wa bima atakayetafuta sababu ya kukataa. Wakati PV inaandikwa, dereva yupo na anaongea. Mwenye gari amekwisha kuitwa, naye anaongea. Majeruhi yuko kwenye gari la kupelekwa hospitali, na upande wake hauna mdomo. Ndugu mmoja abaki pale ajali ilipotokea, hata kama moyo wake uko hospitali. Ni jambo gumu kumwambia mama ambaye mwanawe anavuja damu, lakini mjomba au jirani anaweza kulifanya.

Kumjeruhi mtu kwa uzembe ni kosa la jinai pia. Kanuni ya adhabu ya 1940, kifungu cha 54, inaweka kifungo cha kuanzia siku nane hadi mwaka mmoja. Akifa mtu, kifungu cha 53 kinapandisha hadi miaka miwili. Kesi hizi huanzia mahakama ya amani, tripaix, na majeruhi anaweza kujiunga nazo kama mdai ili jaji aamue adhabu na fidia kwa pamoja. Ni njia ya gharama ndogo kuliko kufungua kesi ya madai peke yake, maana parke ndiyo inayobeba ushahidi wa kosa.

Mtego uko kwenye kalenda. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja hufifia baada ya mwaka mmoja, kama hakuna hatua ya uchunguzi iliyokatiza muda huo. Mtu aliyevunjika nyonga anaweza kumaliza miezi mitatu kitandani, minne kwenye magongo, na iliyobaki akimsubiri mwenye gari atimize ahadi ya mdomo. Anapozinduka, mlango wa jinai umefungwa. Wa madai unabaki wazi, lakini ni mlango wa mahakama kubwa, wenye gharama zake na miaka yake. Wenye magari wanaosema "tusubiri kidogo, mama, mwezi ujao nitakuwa na makuta" huenda hawaijui hesabu hii. Mawakili wao wanaijua.

Wapo watakaosema kwamba kusikilizana ni desturi njema, kwamba mahakama huchelewa, na kwamba dola mia tatu za leo zinamfaa mgonjwa kuliko hukumu ya miaka mitano ijayo. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuona faktire ya hospitali ikipanda kila asubuhi huku dawa ya maumivu ikisubiri pesa. Ndugu hawatii saini kwa ujinga. Wanatia saini kwa sababu hospitali inataka malipo, na mwenye gari ndiye mtu pekee aliyekuja na pesa mkononi. Hata ikishapatikana hukumu kuna kikwazo kingine: ili kupata nakala yenye nguvu ya kutekelezwa, aliyeshinda hutakiwa kulipa haki ya serikali inayokokotolewa kwa kiasi cha fidia aliyopewa, yaani kutoa pesa kabla hajapokea hata senti. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini kimsaidie, lakini ni wangapi wameambiwa?

Kwa hiyo jibu la busara si kumfukuza mwenye gari wodini. Apokelewe, atoe pole, alipe. Karatasi ndiyo ibadilishwe. Iandikwe kwamba pesa hiyo ni avansi ya matibabu, itakayopunguzwa kwenye fidia kamili baada ya daktari kutoa cheti cha mwisho kinachosema jeraha limetulia na ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi. "Papa, tunapokea na tunashukuru, lakini tuandike avansi." Mwenye nia njema hatakataa. Atakayekataa ameonyesha alichokuja kutafuta.

Cheti hicho cha mwisho ndicho kinachotenganisha fidia ya kweli na sadaka. Bila cheti na bila risiti, jaji hana la kufanya ila kukadiria kwa busara yake, na busara ya jaji asiye na karatasi mbele yake huwa ndogo. Manseba aliyepoteza uwezo wa kukunja goti amepoteza kazi yake. Muuza samaki wa soko la komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ambaye mkono wake hauinuki hawezi tena kujitwisha beseni. Hayo yanahesabika: mapato ya siku, siku za kukaa bure, upasuaji wa kutoa chuma baadaye, magongo, maumivu, na kovu la usoni kwa binti wa miaka kumi na tisa. Kila kimoja kinahitaji karatasi yake, hata kama ni daftari la mauzo lililoandikwa kwa kalamu ya risasi.

Na aliyegongwa akienda kazini? Hapa wafanyakazi wengi hupoteza haki bila kujua. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu hifadhi ya jamii inahesabu ajali ya njiani kati ya nyumbani na kazini kuwa ajali ya kazi. Mlinzi, fundi wa mgodi au mwalimu wa shule binafsi aliyeandikishwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ana mlango wa pili, mbali na wa bima ya gari, mradi mwajiri atoe taarifa. Waajiri wanaokaa kimya kwa sababu hawajalipa michango wanamwumiza mtu ambaye gari limekwisha kumwumiza.

Mlango wa tatu unawahusu wanaogongwa na malori ya nje. Ukisimama kwenye barabara ya Kasumbalesa utaona namba za Zambia, Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini. Ndugu wengi wakishasikia kwamba lori ni la Mtanzania hukata tamaa, wakidhani itabidi wafunge safari hadi Dar es Salaam. Sivyo. Tangu 1987 upo mpango wa Kadi ya Njano wa COMESA, na Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA yenyewe. Lori lenye kadi hiyo limebeba bima inayotambuliwa Kongo, na madai hushughulikiwa na ofisi ya taifa ya mpango huo nchini, iliyo mikononi mwa SONAS, kwa sheria za mahali ajali ilipotokea. Dereva anayetoka Tanzania kupitia Tunduma huwa ameibeba kadi yake, kwa kuwa mpakani ataulizwa. Polisi wa Lubumbashi aandike namba ya kadi hiyo kwenye PV kabla lori halijaachiwa liendelee na safari. Likishavuka Kasumbalesa, kuitafuta namba hiyo ni kazi ya miezi.

Kesi ya Kabwe inaonyesha ngazi ya wenye kuwajibika inavyoweza kuwa ndefu. Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji hicho cha mkoa wa Lualaba kilicho kwenye njia ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfa kwenda mgodi wa Mutanda, mali ya kampuni ya Uswisi ya Glencore, liligongana na basi dogo la abiria. Asidi ikawamwagikia watu. Takriban ishirini walikufa, na walionusurika walibaki na majeraha ya kuungua ambayo ni hospitali chache tu za eneo hilo zinazoweza kuyatibu. Asidi ilikuwa ya kutumika mgodini, lakini lori lilikuwa la mkandarasi wa usafirishaji. Kwa majeruhi wa Kabwe swali halikuwa tu dereva alikosea wapi. Lilikuwa ni ngazi ipi kati ya dereva, msafirishaji, mgodi na kampuni mama ndiyo italipa ngozi mpya, dawa za miaka na riziki iliyopotea.

Huko Uswisi, mwaka uliofuata, tarehe 29 Novemba 2020, raia walipigia kura pendekezo ambalo lingewaruhusu walioathiriwa nje ya nchi kuzishtaki kampuni za Uswisi mbele ya mahakama za Uswisi kwa madhara ya matawi yao. Asilimia 50.7 ya wapiga kura walisema ndiyo. Likaanguka, kwa sababu mikoa mingi ilisema hapana, na katiba yao inadai wingi wa pande zote mbili. Mgonjwa wa Katanga hawezi kuweka tumaini lake kwenye kura ya watu wa mbali. Lazima ngazi hiyo ipandwe hapahapa, kwa kifungu cha 260, kwa PV iliyoandikwa vizuri, na kwa mikataba ya migodi inayomlazimisha kila mkandarasi wa kubeba kemikali kuonyesha bima inayolingana na alichobeba. Lori la asidi lisipewe kibali kwa bima ya kiwango cha taksi.

Anabaki yule ambaye hana wa kumdai: aliyegongwa usiku na gari lililokimbia, au na pikipiki isiyo na bima wala namba. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani unaolishwa na tozo kwenye kila lita ya mafuta, na humfidia hata aliyegongwa na gari lisilojulikana. Mfuko huo una matatizo makubwa ya madeni, na hakuna haja ya kuyaficha. Lakini Kongo tayari inajua kukata tozo kwenye mafuta na kwenye vituo vya péage: ndivyo FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioundwa kwa sheria ya 2008, unavyopata fedha zake. Kila mwenye gari wa Lubumbashi anachangia lami. Sehemu ndogo ya mchango huo, ikitengwa kwa sheria na kukaguliwa hadharani, ingelipa saa 72 za mwanzo hospitalini kwa kila majeruhi, awe anajulikana aliyemgonga au hajulikani. Mwenye gari angekosa silaha yake kubwa ya siku ya tatu, kwa kuwa faktire isingekuwa tena inamkaba koo dada wa mgonjwa.

Hilo linahitaji Bunge, na Bunge lina mwendo wake. Yapo yanayoweza kuanza bila Kinshasa. Mkuu wa polisi wa mkoa anaweza kuagiza kwamba kila PV ya ajali yenye majeruhi iwe na jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba, na familia ipewe taarifa hizo siku hiyohiyo bila kudaiwa kitu. Parke inaweza kukumbusha kwamba mapatano ya watu wawili hayazuii mashtaka ya serikali. Na Baraza la mawakili wa Haut-Katanga tayari lina wajibu wa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure, tangu amri-sheria ya mawakili ya 1979. Ofisi hiyo huwasubiri watu waje. Mwenye plasta hadi begani hawezi kuja. Iweke meza moja na avoka kijana mmoja kwenye wodi ya dharura ya Hospitali Jason Sendwe na nyingine Cliniques Universitaires, asubuhi za Jumatatu na Alhamisi, akiwa na fomu ya avansi iliyokwisha kuchapwa na nafasi tupu za jina, tarehe, kiasi na namba ya bima.